Hilux ya dizeli haipigi stata: soma dalili kabla ya kufungua bolti

Stata nyingi zinazoteremshwa kwenye Hilux za dizeli huwa hazijafa. Ama ni nzima kabisa, ama zimeliwa vipande vidogo tu vya shaba vinavyobadilishwa kwa muda mfupi. Mwenye gari hununua stata nyingine, anaifunga, gari linawaka siku tatu, halafu tatizo linarudi vilevile, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kichwa cha betri au kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, kisha vipimo, na kufungua stata kunakuja mwisho.

Maelezo yanahusu hasa Hilux zenye injini ya 2L (cc 2446), 3L (cc 2779) na 5L (cc 2986), zile zinazobeba mchanga, maziwa na abiria kila kona ya Tanzania na Kenya. Stata zake kwa kawaida ni Denso za volti 12, zenye gia ndani ya bodi inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Dizeli hizi hugandamiza hewa kwa uwiano wa karibu 22 kwa 1, wakati injini ya petroli ya Hilux za zamani, 22R, ni 9 kwa 1. Stata ya dizeli hufanya kazi nzito zaidi, na umeme mdogo tu ukipotea njiani, injini haizunguki ipasavyo.

Stata inavyofanya kazi

Vitabu vya Toyota huzipa sehemu tatu za kufungia nyaya majina haya: 30, 50 na C. Waya mnene kutoka betri unafungwa kwenye 30, na una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Waya mwembamba wa 50 hupata umeme pale tu unapozungusha ufunguo hadi mwisho. C ni ile bolti yenye waya mfupi mnene unaoingia kwenye mota yenyewe.

Ukizungusha ufunguo, umeme wa 50 unaingia kwenye solenoidi, swichi ya sumaku-umeme iliyo kwenye stata. Solenoidi inavuta planja, chuma kinachoteleza ndani yake, na planja inafanya kazi mbili kwa pamoja: inasukuma bendeksi (gia ndogo ya stata) iumane na meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na inakandamiza kisahani chake cha shaba juu ya kontakti mbili za shaba. Kontakti moja imeungana na 30, ya pili na C. Hapo ndipo mamia ya ampea yanapopita kwenda kwenye mota. Ule mlio wa "kak!" ni wa planja kufika mwisho. Kusikia mlio huo kunakuambia kwamba ufunguo, fyuzi na waya mwembamba viko sawa. Hakukuambii kwamba umeme umefika kwenye mota.

Betri kwanza, hata kama ni mpya

Kwa multimita ya bei ndogo, pima betri baada ya gari kukaa saa kadhaa bila kuwashwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.4 ni karibu robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikisoma 12.0 imebaki karibu robo. Usihukumu stata kwa betri iliyo chini ya 12.4. Ichaji kwanza au tumia betri ya gari jingine.

Kisha pima huku mwenzako akipiga stata. Ili injini isiwake na kukuharibia kipimo, chomoa waya mwembamba wa swichi inayokata dizeli kwenye pampu ya nozeli, na ukimaliza uurudishe. Gari liwe nyutro, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi. Betri nzima hubaki juu ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, na kwa hali ya hewa ya joto kama ya pwani inapaswa kukaa karibu na 10 au zaidi. Ikishuka hadi 7 au 8, betri imechoka, au kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi: mota ya stata iliyoungua, au injini ngumu kuzunguka.

Usiyaamini macho kuhusu vichwa vya betri. Kichwa kinaweza kung'aa juu huku ndani, pale kinapokumbatia nguzo ya risasi, kuna utando mweusi. Kifungue, kisugue kwa msasa hadi risasi ing'ae pande zote mbili, kifunge kisicheze kwa mkono, kisha paka grisi juu. Ukipaka grisi kabla ya kufunga utakuwa umeweka kizuizi kingine.

Dalili na chanzo chake

*Kimya kabisa, na taa za dashibodi haziwaki.* Usiende kwenye stata. Ni betri iliyoisha, kichwa cha betri kilicholegea, ethi iliyokatika, au fyuzi kuu iliyo karibu na betri.

*Kimya, lakini taa zinawaka vizuri na hazififii unapozungusha ufunguo.* Umeme wa 50 haufiki, au umefika na solenoidi imekufa. Kwenye gari la otomatiki jaribu nyutro badala ya P, kwa sababu swichi ya gia huchakaa. Baadhi ya za manyuali zina swichi kwenye pedeli ya klachi, basi ikanyage hadi chini. Halafu pima kwenye 50: waya mweusi wa multimita kwenye bodi ya stata, mwekundu kwenye kichwa cha waya wa 50, mwenzako azungushe ufunguo. Ukisoma 10 na zaidi huku stata ikiwa kimya, tatizo liko kwenye solenoidi. Ukisoma sifuri, fuata waya kurudi nyuma: kiungio chake, rilei ya stata kama gari lako inayo, swichi ya ufunguo. Ukisoma 6 au 7, swichi ya ufunguo imeungua ndani au kiungio kina kutu. Hiyo ndiyo inayofanya stata igome leo na kukubali kesho. Dawa ya muda mrefu ni kufunga rilei ya ampea 30 karibu na stata, ivute umeme wake moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, na waya wa zamani wa 50 ubaki kazi ya kuamsha rilei tu.

*"Tatatatata" ya haraka.* Karibu kila mara ni betri dhaifu au kiungio kilicholegea. Solenoidi inavuta, kontakti zinagusana, mota inadai umeme mwingi, volti zinaanguka, solenoidi inashindwa kushikilia na kuachia, volti zinapanda tena, inavuta tena. Usiendelee kushikilia ufunguo. Kila "ta" moja ni cheche inayochoma shaba za ndani, na dakika chache za kung'ang'ania namna hiyo zinaweza kukuongezea tatizo la pili juu ya la kwanza.

*"Kak!" moja nzito, halafu kimya, na taa hazififii.* Hii ndiyo dalili kuu ya Denso hizi. Kontakti za shaba zimeliwa, kisahani cha planja hakizigusi vizuri, umeme hauvuki. Huanza taratibu: mara ya kwanza inakataa, unajaribu tena inakubali. Baada ya wiki kadhaa unajaribu mara tano, kisha kumi. Kontakti ya upande wa 30 ndiyo huliwa zaidi. Anayeijua dalili hii haendi dukani kutafuta stata nzima. Anatafuta shaba mbili na planja yake.

*"Kak!" moja, na taa zinafifia sana au kuzimika.* Umeme umefika lakini mota haizunguki, au betri ndiyo iliyoisha. Jaribu kwa betri nzuri. Ikibaki vilevile, weka gia ya nne, ufunguo ukiwa umezimwa, na usukume gari mbele na nyuma kidogo. Injini ikisogea, huenda bendeksi ilikuwa imekwama kwenye flaiwili, au mota yenyewe imekamatana. Injini isiposogea kabisa, acha habari ya stata. Na kama gari limetoka kuvuka mto au mafuriko, usipige stata hata mara moja zaidi. Maji yakiwa ndani ya silinda hayagandamiziki, na kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoshika pistoni. Toa glopulagi (plagi za kupasha silinda joto) zote nne kwanza, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, maji yatoke.

*Inazunguka kizembe.* Betri, nyaya, au kabonbrashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) na bushi za stata, kwa mpangilio huo. Bushi zikilika, amecha, yaani ile sehemu inayozunguka, inashuka na kusugua kuta za bodi. Utaisikia kama inaguna, na ikipata joto inazidi. Stata inayofanya kazi vizuri asubuhi na kugoma mara baada ya safari ndefu ina tabia hiyo, kwa sababu joto huongeza ukinzani kwenye nyaya na kwenye mota.

*"Vuuuu" bila injini kuzunguka.* Mota inazunguka lakini klachi ya bendeksi inateleza. Hairekebishwi kwa grisi wala kwa kusafisha. Bendeksi inabadilishwa.

*Kukwaruza, kama chuma kinasagwa.* Meno ya bendeksi yamelika, bolti za stata zimelegea, au meno ya flaiwili yameisha. Injini ya silinda nne ikizimwa husimama mara nyingi katika sehemu mbili zilezile za flaiwili, kwa hiyo meno ya hapo huliwa kabla ya mengine. Zungusha injini kidogo kwa mkono, jaribu tena. Ikikubali bila kelele, tatizo ni ringi gia (duara la meno ya flaiwili), na hiyo inadai gia boksi ishushwe. Stata mpya juu ya ringi gia mbovu huharibika meno nayo.

*Umeachia ufunguo, stata inaendelea kulia.* Chomoa kichwa cha betri mara moja. Shaba zimeungana kwa cheche, au swichi ya ufunguo haikurudi. Stata imetengenezwa kwa sekunde chache tu, si kwa dakika. Ndiyo maana hata kwenye gari zima usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10, na upumzishe angalau nusu dakika kabla ya kujaribu tena.

Kipimo kinachomaliza ubishi

Kupima waya kwa kipimo cha omu hakusaidii sana, kwa sababu waya wenye nyuzi tatu zilizobaki utasoma kuwa mzima. Pima volti zinazopotea wakati umeme unapita. Waya ukiwa na ukinzani wa omu 0.005 tu, na stata ikavuta ampea 300, unapoteza volti 1.5 njiani. Multimita ya kawaida haiwezi kukuonyesha hizo 0.005, lakini 1.5 itaonyesha bila shida.

Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Mwenzako anapiga stata sekunde tatu nne, wewe unasoma:

– Mwekundu kwenye nguzo yenyewe ya chanya ya betri (siyo kwenye kichwa cha waya), mweusi kwenye bolti ya 30. Isizidi 0.5.
– Mweusi kwenye nguzo ya hasi, mwekundu kwenye bodi ya stata, mahali palipokwanguliwa rangi. Isizidi 0.3.
– Mwekundu kwenye C, mweusi kwenye bodi ya stata. Hiki ndicho cha thamani zaidi.

Kwenye C, ukisikia "kak!" na kusoma sifuri, kontakti zimekufa. Ukisoma karibu volti zote za betri, zaidi ya 11, na mota haijitikisi, basi kabonbrashi zimeisha au amecha imekatika ndani. Ukisoma kidogo, huku na betri nayo imeanguka, mota imekamatana, injini imekuwa ngumu, au betri haina kitu.

Upande wa hasi ndio unaosahauliwa zaidi. Pikapu nyingi zimeshushwa injini mara mbili tatu, na ule waya wa ethi kati ya injini na chasisi haukurudishwa, au umefungwa juu ya rangi. Umeme wa stata hapo hutafuta njia nyingine: waya wa klachi, kebo ya aksereta, mabomba. Kebo iliyopata moto wakati wa kupiga stata ni ushahidi tosha. Ethi mpya yenye unene wa kutosha, iliyofungwa kwenye chuma kilichosuguliwa, ni rahisi kuliko stata ya aina yoyote.

Neno kuhusu nyundo na bisibisi. Kugonga stata kunaweza kusogeza shaba au kabonbrashi zikagusana mara moja mbili, na hilo linaweza kukufikisha nyumbani. Haliponyi kitu, na kwenye stata za magari madogo zenye sumaku za kudumu, sumaku huvunjika. Kuunganisha 30 na 50 kwa bisibisi kunapiga stata bila kupitia ufunguo. Gia ikiwa imeingia, gari litamkanyaga aliye chini yake. Na anayekosea akaunganisha 30 na C anapitisha umeme wote wa mota kwenye bisibisi.

Kuishusha

Andaa spana na soketi za 8, 10, 12, 14 na 17, racheti na ekstensheni ndefu, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, msasa, na taa ya kichwani. Kama utaingia chini, weka stendi mbili imara chini ya chasisi. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hupasuka.

Chomoa hasi ya betri na uifunike kwa kitambaa. Hakuna hatua nyingine yenye uzito kama hii. Kati ya betri na 30 kwa kawaida hakuna fyuzi, na spana ikigusa 30 na chasisi kwa pamoja inayeyuka ikiwa mkononi mwako. Pete na saa ya chuma, vua.

Stata iko ubavuni mwa injini, mahali injini inapokutana na gia boksi. Ngoja injini ipoe. Vuta kifuniko cha mpira, fungua nati ya 30, mara nyingi ni spana ya 12. Chomoa kiungio cha 50 kwa kubonyeza kilimi chake. Usivute waya, kwa sababu plastiki iliyokaa miaka mingi kwenye joto hukatika. Piga picha ya mpangilio wa nyaya kabla ya kugusa chochote.

Kuna bolti mbili, mara nyingi za kichwa namba 14 au 17. Zipulizie mafuta ya kutu, ziache robo saa. Ya juu ndiyo inayosumbua. Ekstensheni ndefu yenye kiungo cha kupinda, ikipitishwa kutoka upande wa gia boksi, mara nyingi inaifikia. Legeza zote mbili, toa ya juu kwanza, na ya chini itoe mkono mmoja ukiwa umeibeba stata. Ni nzito, na ikianguka kifuani au kwenye bomba la mafuta utajuta. Ikigoma kutoka imeshikwa na kutu. Itikise kushoto na kulia badala ya kuipiga kwa nyundo.

Kabla hujaondoka hapo, angalia kwa taa kupitia tundu. Mtu azungushe injini kwa spana, nawe ukague meno ya flaiwili mzunguko mzima. Hii ndiyo nafasi ya kuyaona bila kushusha gia boksi. Angalia pia kama kuna oili inayoshuka kutoka juu. Stata iliyolowa oili itarudia kufa, kwa sababu oili ikichanganyika na unga wa kabonbrashi hutengeneza tope linalozuia brashi kuteleza.

Kubadilisha shaba za solenoidi

Kifuniko cha duara cha nyuma ya solenoidi kimefungwa kwa bolti tatu ndogo, aghalabu namba 8. Kiondoe taratibu bila kuipasua gasketi au oringi yake. Utaona planja yenye kisahani cha shaba, ichomoe pamoja na springi yake. Kisahani kikiwa na mifereji miwili iliyochimbika, na shaba za pembeni zimekonda upande mmoja, umepata jibu.

Shaba za stata ya dizeli ni kubwa kuliko za petroli, na zile mbili hazifanani umbo. Nenda dukani na zako mkononi. Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi, utaonyeshwa aina kadhaa zinazokaribiana, na tofauti ya milimita moja ya kimo inatosha kufanya kisahani kiguse upande mmoja tu. Nunua na planja mpya. Planja ya zamani yenye mifereji juu ya shaba mpya inazila haraka.

Unapofungua nati ya 30, weka chini kila kipande kwa mpangilio kinavyotoka: nati, washa, kihami cha plastiki, oringi. Kihami hicho ndicho kinachotenganisha bolti yenye umeme na bodi. Ukikisahau au kikiwa kimepasuka, siku utakaporudisha betri utaona moto. Shaba zote mbili zikae sawa, kimo kimoja. Rudisha springi na planja, ikandamize kwa kidole: multimita isome mpito (kwamba umeme unapita) kati ya 30 na C, na ukiachia ikatike. Kisha kipimo cha lazima, kati ya 30 na bodi: pasiwe na mpito wowote. Kati ya C na bodi utasoma ukinzani mdogo sana. Huo ni mota yenyewe, usishtuke.

Kusugua shaba za zamani kwa msasa na kuzigeuza upande ni suluhisho la porini tu. Zitakutoa huko, si zaidi.

Ukiwa umefungua hadi kwenye mota, pima kabonbrashi. Zikiwa zimebaki nusu ya urefu wa mpya, badilisha zote nne pamoja na uhakikishe zinateleza bila kukwama kwenye nyumba zake. Angalia kipira kidogo cha chuma kilicho kwenye mhimili wa bendeksi. Huanguka bila sauti, na bila hicho bendeksi haisukumwi.

Jaribu stata chini kabla ya kuifunga. Ibane kwenye vaisi, kwa sababu hurusha teke inapoanza. Nyaya za kubusti: hasi kwenye bodi, chanya kwenye 30, kisha kipande cha waya kutoka 30 kiguse 50. Bendeksi itoke kwa nguvu na izunguke bila kuguna, ukiachia irudi papo hapo. Sekunde tatu zinatosha.

Ukilazimika kununua nyingine

Weka ya zamani na unayotaka kununua kando kwa kando. Hesabu meno ya bendeksi, linganisha kipenyo chake, umbali wa matundu ya bolti, na mahali 30 ilipo. Soma kibati: volti na kilowati. Stata ya petroli ya kilowati 1.0 au 1.4 inaweza kufanana kwa sura na ya dizeli ya kilowati 2 na zaidi, ikaingia, ikazunguka, na kuungua baada ya muda mfupi. Angalia volti pia, kwa sababu dizeli kadhaa za Toyota zilizotoka Japani, hasa Land Cruiser, zina mfumo wa volti 24, na stata zake huuzwa katika maduka yaleyale. Kuwa na betri mbili si ushahidi, kwa maana zinaweza kuwa zimeungwa sambamba na kubaki volti 12. Pima kwenye 30.

Ya mtumba halisi yenye bendeksi isiyolika, ukaibadilishia shaba, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Mwombe muuzaji aijaribu kwa betri mbele yako.

Kuifunga

Sugua uso wa stata na uso wa gia boksi unapokutana nao hadi chuma kionekane. Stata hupata ethi kupitia uso huo na bolti zake, kwa hiyo rangi au kutu hapo ni hasara ya volti. Anza bolti zote mbili kwa vidole, angalau mizunguko mitatu, kabla ya kutumia racheti. Nyumba ya klachi ikiwa ya aluminiamu, uzi wake unakufa kwa bolti moja iliyoingia upogo. Kaza kwa zamu, juu na chini, ili stata ikae mraba. Ikikaa upogo meno yataumana kwa pembe na utasikia kukwaruza siku ya kwanza.

Chomeka 50, funga 30. Nati hii haihitaji nguvu: kama Nm 10 zinatosha, na anayeikaza kama nati ya tairi huizungusha bolti nzima ndani na kupasua kihami. Rudisha kifuniko cha mpira. Bila hicho, tope na chumvi ya barabara za pwani vinafika kwenye nati moja kwa moja. Hasi ya betri iwe ya mwisho.

Piga stata sekunde mbili kwanza ukiwa umechomoa waya wa swichi ya dizeli, usikilize. Rudisha waya, washa. Injini ikiwa inanguruma, pima betri: alteneta nzima itakupa kati ya 13.8 na 14.4. Ukisoma 12 na kitu, betri itashuka, ile "tatatata" itarudi, na shaba mpya zitachomwa kama za mwanzo. Shughulikia alteneta kabla gari halijarudi barabarani. Baada ya wiki moja ya mashimo na rasta, ingia chini tena na spana, ujaribu kama bolti zile mbili bado zimekaza.